Mgomo wa Salamu

Mgomo ule niliuitisha mimi. Naliweka hili mbele kwa sababu wenzangu wa kikundi, wakisimulia, husema "tuligoma", na najua wanasema hivyo kwa kunihurumia. Wao walinifuata tu. Mimi ndiye niliyegomesha.

Kilikuwa kipindi cha muziki wa dansi, kila Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, katika redio moja ya hapa Mwanza. Mtangazaji wake tulimwita Mjomba, naye alituita wapwa zake. Nilimpita kwa miaka kama kumi hivi, kwa hiyo mpwa alikuwa mkubwa kuliko mjomba wake, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Alipiga nyimbo za bendi za zamani, zile ambazo gitaa linazungumza peke yake dakika nzima kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kati ya wimbo na wimbo alisoma kadi za salamu.

Vijana wengi hawazijui kadi hizo. Ni kipande cha karatasi ngumu chenye mistari. Unaandika wewe ni nani, unawasalimia akina nani, unaomba wimbo gani, na chini kabisa unaandika ujumbe. Kadi unaipeleka redioni, unaitumbukiza kwenye sanduku lililo getini kwa mlinzi, halafu unakaa kungoja Jumapili. Kwa Mjomba hatukutumia majina. Yeye mwenyewe aliweka utaratibu huo, mtu ajulikane kwa kazi yake na mahali anapokaa. Kulikuwa na fundi cherehani wa Mirongo, mama wa dagaa wa Kirumba, dereva wa lori wa Igoma, mwalimu wa Ukerewe. Mimi nilikuwa karani wa pamba wa Kiseke, ingawa kiwanda cha kuchambua pamba nilichokifanyia kazi nilikiacha nikiwa bado na meno yote.

Nilikuwa pia mwenyekiti wa kikundi chetu cha wasikilizaji. Kila Jumamosi nilikusanya kadi za wenzangu barazani kwa fundi cherehani, nikazifunga kwa uzi na kuzipeleka getini. Kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyoipenda kazi ya mshahara.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, Mjomba aliacha kupokea simu hewani. Alisema, "Simu zipumzike, wapwa zangu. Tuandikiane kama zamani." Vijana wa redio nyingine walimcheka. Sisi wazee tulifurahi, tukasema huyu ndiye mwenzetu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini.

Siku aliyotangaza kwamba anaondoka tulikuwa pale Mirongo barazani, redio ikiwa juu ya meza ya kukatia nguo. Baada ya wimbo wa tatu akasema, "Wapwa zangu, bado Jumapili mbili. Baada ya hapo Mjomba anaondoka. Msiniulize naenda wapi wala kwa nini. Tucheze." Wimbo ukaingia.

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Amesemaje?" dereva wa lori akauliza. Sikio lake moja lilikuwa limezoea injini tu.

"Anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Si amesema tusimuulize?"

"Mimi namuuliza! Anaondoka kwenda wapi, na sisi tumekaa hapa?"

Mama wa dagaa alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini polepole kama kitu kinachoweza kumwagika, ingawa chai ilikuwa imekwisha. "Sasa mimi Jumapili nitakuwa nafanya nini?"

"Utaenda kanisani kama wenzako," fundi akamtania.

"Naenda. Nikishatoka?"

Jioni ile simu yangu haikutulia. Katika grupu letu watu walituma ujumbe wa sauti, wengine wakilia waziwazi, wanaume wazima. Mwalimu wa Ukerewe alisema kipindi kile ndicho kilichomfanya ajue kwamba ni Jumapili tangu mkewe afariki. Mtu wa Magu akasema amesikia, sijui kwa nani, kwamba wakubwa wa redio wanamfukuza Mjomba ili saa zile waweke mpira. Jambo hilo lilitosha. Kufika asubuhi kila mtu alikuwa na hakika nalo, na mimi wa kwanza.

Katika ujana wangu kiwandani tuliwahi kugoma siku tatu kudai vitambaa vya kuziba pua, kwa sababu ya vumbi la pamba. Siku ya nne meneja alishuka uani mwenyewe akazungumza nasi, na vitambaa tukapata. Ushindi ule uliniharibu. Tangu siku hiyo niliamini kwamba watu wakinyamaza kwa pamoja, wakubwa husikia. Nilikaa na imani hiyo maisha yangu yote bila kupata nafasi nyingine ya kuitumia, na sasa nikaona nafasi imekuja.

Nikarekodi ujumbe nikautuma kwa vikundi vyote vya kando ya ziwa. Nausema ulivyokuwa: "Jumapili ya mwisho asitume mtu kadi. Wakubwa wakiliona sanduku tupu watajua kwamba Mjomba akiondoka na sisi tumeondoka." Sengerema wakakubali. Magu wakakubali. Ukerewe wakachelewa kidogo, kisha wakakubali.

Mke wangu alinisikia nikirekodi. Alikuwa anachambua mchele.

"Hizo kadi zinasomwa na wakubwa?" akaniuliza.

Nikaendelea kubonyeza simu.

"Nakuuliza, mzee. Kadi zinasomwa na nani?"

"Na Mjomba."

"Basi unamgomea Mjomba."

Nikamwambia haelewi mambo ya umoja. Akarudi kwenye mchele wake. Tumeishi pamoja miaka mingi na najua kimya chake cha kushindwa na kimya chake cha kuniacha nikaumie mwenyewe. Kile kilikuwa cha pili, na nilikitambua, nikaendelea.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya mwisho, mama wa dagaa alikuja barazani na kadi yake. Aliiweka mbele yangu kama kila wiki.

"Mama, si tumekubaliana?"

"Mwenyekiti, mimi mambo ya mgomo siyajui. Mtu akisafiri unamwambia safari njema."

"Ukitia yako moja umetuvunja wote."

"Basi weka hata chini kabisa ya sanduku, asiione mtu ila yeye."

Nilimrudishia. Aliikunja mara mbili akaitia kwenye khanga, akaondoka bila kuaga, na yeye si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Jumapili ya mwisho tulijaa barazani kuliko siku zote. Mgomo wetu ulikuwa wa kadi, kusikiliza hatukuwa tumejikataza. Mjomba akafungua kipindi kwa sauti yake ileile ya mtu aliyetoka kuoga. Akapiga nyimbo mbili. Kisha akasema, "Wapwa zangu, sanduku leo limechelewa. Tungoje kidogo."

Tukatazamana. Mimi nilitabasamu. Nilidhani tunashinda.

Baada ya wimbo mwingine akasema, "Mlinzi wangu pale getini, kama una kitu cha Mjomba niletee." Aliisema kwa utani, lakini mwisho wa sentensi sauti ilishuka. Saa tisa ikapita. Akapiga nyimbo tatu mfululizo bila neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliporudi alisema, "Haya. Leo nitasalimu mimi."

Na akaanza. Hakuwa na karatasi yoyote mbele yake, alitusoma kutoka kichwani. Alimsalimia fundi cherehani wa Mirongo, "ambaye kadi zake hunifikia zina mafuta ya mashine." Alimsalimia mwalimu wa Ukerewe, "anayesahihisha Kiswahili changu kwa kalamu nyekundu." Alimsalimia dereva wa Igoma, mshona viatu wa Sengerema, mkunga wa Magu, wauza nyanya wawili wa Buhongwa ambao kwa miaka waliomba wimbo uleule kila mmoja bila kumjua mwenzake. Alitaja watu ambao tulikuwa tumewasahau, waliokwisha kufa, akasema, "na hawa pia, popote walipo." Alipofika kwa mama wa dagaa wa Kirumba alisema, "ambaye ujumbe wake haujabadilika tangu aanze kuniandikia: tuombeane uzima. Nami nakuombea, mama."

Mama wa dagaa aliugeukia ukuta.

Fundi akanisogelea. "Mwenyekiti, bodaboda ipo hapo nje. Tuandike chochote. Dakika kumi tumefika getini."

"Tukivunja sasa tumeshindwa."

"Tumemshinda nani? Msikilize mtu!"

"Kaa, fundi. Bado nusu saa tu."

Akakaa. Sijui kwa nini alinitii. Pengine kwa sababu ya umri wangu. Watu wa hapa wana heshima hiyo, na mimi niliitumia vibaya. Saa kumi ikafika, Mjomba akasema kwaheri kwa maneno machache, wimbo wa mwisho ukapigwa, kipindi kikaisha. Watu waliinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyesema tumeshinda.

Jumapili iliyofuata hawakuweka mpira. Walipiga nyimbo zilezile za dansi, bila mtangazaji, moja baada ya nyingine, kama maji yanayotoka kwenye bomba lililosahauliwa. Hapo ndipo nilipoanza kupata wasiwasi.

Kiasi cha wiki sita baadaye nilikutana na mlinzi wa redio sokoni Kirumba, ananunua sangara. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee wa kadi," nikamwitikia. Nikamuuliza wakubwa walimfukuza Mjomba kwa kosa gani.

"Kumfukuza? Mzee, walimbembeleza abaki! Ni masikio. Masikio yameisha yale. Miaka yote hedifoni kichwani, sauti juu. Mwaka wa mwisho alikuwa hasikii kitu. Fundi mitambo alikuwa anamwonyesha vidole: sekunde tatu zimebaki, mbili, moja, sema."

Nikabaki nimesimama na samaki wangu mkononi. Simu alizoacha kupokea, na kule kutuambia tuandikiane. Mtu yule kwa mwaka mzima alikuwa hasikii wimbo hata mmoja kati ya hizo alizotupigia, na njia pekee iliyobaki ya sisi kumfikia ilikuwa ile karatasi ngumu yenye mistari. Na ndiyo niliyoifunga.

"Siku ile ya mwisho," mlinzi akaendelea, "alitoka mwenyewe mpaka getini. Akaliinua sanduku, akalitikisa. Akaniuliza kama nimesahau kumpelekea. Nikatikisa kichwa. Mzee, mlikuwa na nini ninyi?"

Niliwaeleza wenzangu barazani Jumapili iliyofuata. Nilisema yote, sikupunguza. Dereva wa lori alitukana, si mimi, alitukana tu hewani. Fundi alisema, "Kwao ni Sengerema. Nenda ukamwambie. Mgomo ulikuwa wako, mzee."

Nilikubali, halafu sikwenda. Kwanza nilisingizia magoti, kisha mvua. Ukweli ni kwamba niliona haya. Wenzangu wakaacha kunikumbusha, wakaanza kuandika kadi za kumpelekea Mjomba. Kila Jumamosi nilikuta nyingine kwenye meza ya fundi, na nyingine zilitoka Magu na Ukerewe kwa watu wanaosafiri, mpaka zikajaa mfuko. Ulipojaa, mke wangu aliniwekea shati safi kitandani asubuhi na mapema akasema, "Kivuko hakitakuja kukuchukua hapa." Ilikuwa imepita miezi minne.

Nilivuka, nikapanda gari hadi Sengerema mjini, na kutoka hapo nikaulizia. Kila mtu alimjua. Nyumba yake ina mananasi upande mmoja na mihogo upande mwingine. Alikuwa amekaa nje anamenya mihogo na mkewe, mtu mwembamba kuliko sauti yake. Sauti ile ilinifanya nimtegemee mnene. Tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso. Aliniona mzee, akainuka. "Shikamoo," akasema kwa nguvu mno, kama wasemavyo watu wasiosikia sauti zao wenyewe.

Mkewe alileta daftari la shule na kalamu, akanipa mimi. "Mwandikie, baba. Herufi kubwa kidogo."

Nikaandika: *Mimi ni karani wa pamba, Kiseke.*

Alisoma, uso ukafunguka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye utomvu wa mihogo. Kisha akauona mfuko. Nilikuwa nimeuweka miguuni na kadi zilichungulia juu.

"Zimepatikana!" akapiga kelele. Akamgeukia mkewe. "Mama, zimepatikana! Si nilikwambia?"

Akaanza kunieleza kwa haraka. Siku ile ya mwisho, alipokuwa anakusanya vitu vyake, fundi mitambo alimwandikia kwenye karatasi kwamba kadi zililetwa nyingi sana, nyingi kuliko siku zote, ila sanduku lilikuwa limebadilishwa na kadi zikapelekwa ofisi nyingine, zikapotelea huko. Fundi yule akaahidi atazitafuta. Tangu hapo Mjomba alikuwa akimtumia ujumbe wa simu kila wiki: zimepatikana? Na yule kijana wa watu kila wiki alimjibu: bado, natafuta.

Ningeweza kunyamaza. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na kila nikiligeuza nafika palepale: nilikuwa nimeshika mkononi kitu ambacho yule mtu alikingoja miezi minne, na hakutaka chochote zaidi ya hicho. Mkewe aliyaona macho yangu. Nadhani alijua, maana alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemzuia mgeni asikanyage kitu. Lakini mimi nilikuwa nimevuka maji ili kukiri, na hotuba yangu nilikuwa nimeipanga tangu kivukoni. Nilitaka kupumua. Nikachukua daftari nikaandika ukurasa mzima. Kwamba kadi siku ile hazikuwepo. Kwamba mgomo ulikuwa wangu. Kwamba tulidhani amefukuzwa. Kwamba hizi zimeandikwa baadaye. Kwamba naomba radhi.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza alirudi juu akasoma tena.

"Kwa hiyo hazikuwepo," akasema. Safari hii sauti ilikuwa ndogo, karibu isisikike.

Mkewe aliinuka akaingia ndani na sufuria ya mihogo ambayo haijaisha kumenywa.

Nilijua nimemkosea mara ya pili, na kwamba mara hii sikuwa na umoja wala wakubwa wa kuwasingizia. Nikataka kulichukua daftari niongeze neno, lakini alikuwa ameliweka mapajani na mkono juu yake. Kuku walipita kati yetu. Baadaye akauliza, akitazama mihogo, "Lakini mlisikiliza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Haikumtosha. Akanipa daftari.

*Wote,* nikaandika. *Tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyeondoka.*

"Nilivyowasalimu mlisikia?"

*Kila neno.*

Akafikiri. Halafu akaniuliza swali ambalo ni mtu wa kazi ile tu anayeweza kuliuliza wakati kama ule. Msoma salamu haogopi kitu kama kumruka mtu, kwa maana mtu aliyerukwa hukaa na uchungu wake mwaka mzima.

"Nilikuwa sina karatasi," akasema. "Nilimsahau nani?"

Aliniuliza akinitazama usoni. Kitu kimoja sijakisema mpaka hapa, wala wenzangu hawajawahi kunitajia, ingawa walikuwepo barazani na wana masikio. Katika salamu zile za Jumapili ya mwisho, watu wote wa kikundi chetu walisalimiwa, na waliokufa wakasalimiwa. Karani wa pamba wa Kiseke hakutajwa. Nilikuwa nangoja zamu yangu huku nikimzuia fundi asipande bodaboda. Hadi leo sijui kama Mjomba alinisahau, au kama ujumbe wangu wa sauti ulikuwa umefika kwa mkewe au kwa rafiki yake, naye akajua mgomo ni wa nani, ingawa mtu aliyejua asingengoja kadi miezi minne.

Nilishika kalamu. Nikaandika, kwa herufi kubwa kidogo, *Hukumsahau mtu.*

Alisoma, akashusha pumzi, akafunga daftari. "Afadhali," akasema. Akauvuta mfuko karibu, akatoa kadi ya kwanza, akaiangalia mbele na nyuma, akaanza kusoma kimyakimya, midomo ikicheza. Nilikaa mpaka alipofika ya tano au ya sita. Hakuinua macho, nami sikuona sababu ya kumkatiza ili kuaga.